Kinanda kisicho na wimbo hata mmoja

Mwaka 2019 niliweka kinanda cha marehemu kaka yangu mbele ya duka langu hapa Kamembe, nikitaka kukiuza nipate ada ya binti yake. Mama mmoja mfanyabiashara, mteja wangu wa siku nyingi kutoka Bukavu, akakizunguka mara mbili.

"Mzee, kina nyimbo ngapi ndani?"

"Hakina hata mmoja, mama."

"Na ngoma?"

"Hakina."

"Basi hilo ni sanduku," akasema akicheka.

Sikuwa na la kumjibu. Kaka alirudi nacho kutoka Ubelgiji, na hata sisi nyumbani tulikiona sanduku. Ni Korg MS-20, aina iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1978. Kina vibao 37 vya kubonyeza, vifundo vingi vya kuzungusha na matundu ya kuchomeka nyaya. Hakipigi noti mbili kwa pamoja. Wenyewe wanakiita sinthesaiza ya analogi: sauti yake haikurekodiwa popote, bali huzaliwa pale pale kwa umeme unaotetemeka. Kifundo kimoja hubadili kasi ya mtetemo, sauti ikapanda au kushuka. Kingine huchuja, sauti kali ikawa nzito.

Linalowashinda wengi ni kwamba hakina kumbukumbu. Ukishagusa vifundo, sauti uliyoipata imepotea. Mwaka 1983 Yamaha walileta DX7, kinanda cha dijitali kilichohifadhi sauti 32, na vile vya analogi vikaporomoka bei. Miaka ilipopita wapigaji wakavitamani tena, bei ikapanda, na mwaka 2013 Korg wakatoa MS-20 mpya yenye umbo dogo.

Mwaka huo huo ilitolewa upya kaseti ya mwaka 1985 ya Hailu Mergia, Mhabeshi aliyehamia Washington. Aliirekodi peke yake, nyimbo za kwao, kwa akodioni na vinanda vya umeme, kimojawapo cha Moog. Baadaye aliendesha teksi miaka mingi, hadi kaseti hiyo ilipomrudisha jukwaani. Aliye mbali na kwao huwa na njia zake za kupakumbuka.

Kaka naye alikuwa na yake. Nilipokuwa nikifuta vumbi ili mnunuzi avutike, nilikuta bahasha ndani ya kasha: karatasi zilizochorwa duara nyingi, kila duara na mshale wake. Zilikuwa alama za vifundo, maana mashine haikumbuki. Juu ya karatasi moja aliandika: "Boti ya Nkombo".

Nikazungusha vifundo nikifuata mishale. Mwanzoni zilitoka kelele tu. Nikasogeza kidogo huku na kule kwa sikio langu, na ghafla ukatoka mdundo mzito wa injini, kama boti inayokuja kutoka kisiwani alfajiri. Kaka aliitafuta sauti hiyo Ulaya, kwa mkono. Nusu ya kazi ilikuwa yake, nusu ikawa yangu.

Ada niliilipa kwa kuuza friji ya duka. Mke wangu alinuna wiki mbili, na alikuwa na haki.

Msomaji unayetafuta kinanda cha harusi au kanisa, nunua cha dijitali, hiki kitakuchosha. Ukikipenda cha analogi, kwanza soma nyuma yake: kilichotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na umeme wetu wa volti 230 utakiunguza. Zungusha kila kifundo; kikikwaruza, kina vumbi. Kiwashe mapema kipate joto, ndipo ukilinganishe sauti.

Yule mama aliporudi na bei yake, nilimpigia ile karatasi. Akasimama, mzigo kichwani.

"Hiyo ni boti," akasema. "Unauza ngapi?"

"Hakiuzwi tena, mama."