Nyota Isiyoonekana: Jinsi Kompyuta Inavyopokea Amri

Mtu aandikapo amri ya kompyuta kwa herufi, hudhani kwamba programu aliyoiita huyasoma maneno yake kama alivyoyaandika. Katika mfumo wa Unix, ulioanza kutungwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani, na katika mifumo iliyoufuata kama Linux, sivyo. Baina ya mtu na programu imesimama programu nyingine iitwayo ganda, kwa kuwa hukizunguka kiini cha mfumo. Ganda huupokea mstari, huukata vipande penye nafasi, ndipo huvikabidhi vipande hivyo kwa programu. Faili liitwalo Kidato cha Pili lisipofungwa kwa alama za mtajo, huhesabiwa kuwa mafaili matatu.

Ganda hufanya zaidi ya kukata. Likikuta nyota, huweka mahali pake majina yote ya mafaili yanayolingana. Mathalani mwalimu ana mafaili ya alama za mtihani, pamoja na nakala za zamani ambazo majina yake huishia kwa .bak. Ili kuzifuta nakala hizo, huandika:

rm *.bak

Kidole kikiteleza, akaandika:

rm * .bak

ganda huona vipande viwili. Nyota iliyo peke yake hugeuzwa kuwa majina ya mafaili yote, isipokuwa yale yaanzayo kwa nukta, na rm huyafuta. Kisha hulalamika kwamba.bak halipo! Kuilaumu rm si haki. Nyota haikuiona kamwe. Iliona orodha ya majina tu, basi ingeonyaje? Awezaye kuonya ni ganda lenyewe, na ganda liitwalo zsh hufanya hivyo.

MS-DOS, iliyotolewa mwaka 1981, ilishika njia nyingine. Programu ilipewa sehemu iliyobaki ya mstari kama ilivyoandikwa, isiyozidi herufi 127, ikajitafsiria yenyewe. Amri ya DEL *.* ilimwuliza mtu kwanza kama ana hakika. Lakini kila mtunzi wa programu aliitafsiri nyota apendavyo, na wengine hawakuitafsiri kabisa.

Kwa hiyo njia ya Unix ni bora, maana nyota huwa na maana moja kwa programu zote. Mwenye shaka na aandike kwanza echo mahali pa rm: ganda litafanya kazi ile ile, na majina yatakayofutwa yataonekana kwenye kioo, mafaili yakiwa salama.