Kupogoa Misonobari ya Bonsai

Bonsai ni ufundi wa Wajapani wa kuutunza mti chunguni ubaki mfupi. Tunataja miezi ya huko kwa makusudi, kwani vuli yetu ni majira ya mvua na neno hilo lingewapotosha wanafunzi.

Msonobari mweusi, kuromatsu, hutoa machipukizi marefu kuanzia Aprili. Mnamo Juni au mwanzoni mwa Julai hukatwa yote. Mti hutoa mengine, lakini kwa kuwa siku za joto zilizobaki ni chache, majani yake huwa mafupi, na ufupi huo ndio unaotafutwa. Mti dhaifu, au uliobadilishiwa chungu mwaka huo, hauguswi. Novemba majani ya zamani hung'olewa kwa mkono, mengi zaidi juu kwenye nguvu, ili jua lifike ndani. Tawi lililonyolewa kabisa hufa.

Msonobari mweupe, goyomatsu, ni habari nyingine. Huu huchipua mara moja tu kwa mwaka, hivyo machipukizi yake hupunguzwa kwa vidole yakiwa bado laini. Ukiukata kama mweusi, umeudhoofisha.

Mmoja wa aina hii, mali ya ukoo wa Yamaki, unaosemekana kutunzwa tangu 1625, ulikuwa Hiroshima bomu lilipoanguka tarehe 6 Agosti 1945, ukuta uliukinga. Ulipotolewa zawadi kwa Marekani mwaka 1976, waliokuwa wakiutunza Washington hawakuijua habari hiyo, mpaka wajukuu wa Yamaki walipofika kuutazama mwaka 2001.