Kwa Nini Kitimoto Huvuja Maji

Nyama ya nguruwe, yaani kitimoto, imeundwa na nyuzi za misuli zisizofanana. Nyuzi nyekundu hutumia oksijeni, hujikunja taratibu na hazichoki upesi. Nyeupe hujikunja kwa kasi zikitegemea glaikojeni, sukari iliyohifadhiwa ndani ya msuli. Sarara, nyama ya mgongoni, imejaa nyeupe.

Tofauti hudhihirika baada ya kuchinja. Glaikojeni hugeuka asidi ya laktiki, na pH, kipimo cha uasidi, hushuka polepole kutoka 7 hadi karibu 5.6 katika saa 24. Lakini nguruwe akifungwa kwenye pikipiki juani kutoka Chiwata hadi Masasi mjini, kisha achinjwe papo hapo akihema, pH yaweza kushuka chini ya 6 ndani ya dakika 45, nyama ingali ya moto. Protini huharibika, nyama hupauka, hulegea na kuvuja maji, hasa yenye nyuzi nyeupe nyingi. Lawama humwangukia mpishi, bila haki. Kinyume chake, mnyama aliyechoka hadi akamaliza glaikojeni kabla ya kuchinjwa hutoa nyama nyeusi, kavu, inayooza mapema.

Idadi ya nyuzi huamuliwa zaidi tumboni mwa mama. Mfugaji hubakiwa na uchaguzi wa mbegu, kivuli, maji na mapumziko kabla ya kisu.