Kumsoma Bwana Msa ukiwa Bariadi

Mzee tajiri ameuawa, na maiti yake imekutwa mzimuni, mahali watu wanapopeleka sadaka na kuomba kwa woga. Hilo ndilo fumbo la Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Mohamed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960. Maiti ingekutwa sokoni, kila mtu angemtafuta muuaji. Ikikutwa mzimuni, jibu limeshatangulia: wenye mahali wamekasirika. Muuaji amepata pa kujificha, na wanaomficha ni watu wema wenye hofu.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla hajawa mhariri wa magazeti alikuwa mkaguzi wa afya, na nahisi kazi hiyo ilimwandaa. Bwana afya akikuta mtaa mzima unaharisha, haulizi nani kawaloga. Anauliza maji wameyachota wapi. Muswada wa riwaya hii ya Abdulla ulishinda mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya 1957-58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, na kitabu kinahesabiwa kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili.

Mpelelezi wake, Bwana Msa, si askari. Ni raia mwenye kiko na subira, wa jamii moja na Sherlock Holmes wa Waingereza, akiwa na rafiki yake Najum na Inspekta Seif wa polisi. Usitarajie magari kufukuzana. Kinachokukosesha usingizi ni mazungumzo. Bwana Msa anasikia jambo dogo, ananyamaza, kisha anauliza habari inayoonekana haihusiani kabisa: ukoo wa fulani, mirathi, mambo ya zamani yaliyofunikwa. Msomaji anamshuku huyu, anamwacha, anamgeukia yule. Mwisho wake sitausema. Itoshe kwamba kila ukurasa unamrudisha mtu mahali ambapo mzimu ulikuwa umesimama.

Sisi wa Simiyu hatuwezi kukisoma kitabu hiki kama habari za Unguja tu. Kati ya 1970 na 1984, zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu waliuawa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Bariadi wakati ule ilikuwa Shinyanga. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Mauaji hayakuishia 1984, na kila mtu hapa anajua yanavyokwenda. Mtoto anafariki, au ng'ombe wanakufa mfululizo. Familia inakwenda kwa mganga, ramli chonganishi inapigwa, na jina linalotoka ni la bibi mjane mwenye macho mekundu. Usiku mmoja wanakuja watu na mapanga.

Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi. Ni miaka mingi ya kupikia kuni na samadi kavu ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, katika nchi ambayo miti imebaki michache. Na mara nyingine nyuma ya ramli kuna shamba, au mifugo, au mirathi ambayo mtu ameona inachelewa kumfikia.

Fikiria Bwana Msa angeshuka kwenye basi hapa stendi ya Bariadi. Asingeanza kwa kubishana na wazee kuhusu uchawi. Angeuliza: mtoto aliugua nini, na alifikishwa zahanati siku ya ngapi? Nani alimshauri baba aende kwa mganga yule na si mwingine? Mganga alilipwa na nani? Msimu ujao wa pamba, nani atalima shamba la bibi aliyeuawa? Maswali hayo hayahitaji elimu kubwa. Yanahitaji mtu aliyekataa kuridhika na jibu la kwanza.

Kitabu kina upungufu wake. Bwana Msa anajua mno, na ukoloni wa Waingereza uliokuwapo Zanzibar hausikiki vya kutosha. Wanaopenda risasi watafurahi zaidi na Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Lakini mashujaa hao kwa kawaida hupambana na majasusi na magenge. Abdulla anatuonyesha adui mgumu zaidi: mtu tunayemjua, tuliyekaa naye matangani, anayetegemea hofu yetu imfiche.

Ndiyo maana natamani walimu wa Kiswahili wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wakisome na wanafunzi wao, wasimame kabla ya sura za mwisho, na kumtaka kila mmoja ataje anayemshuku na aeleze kwa ushahidi gani. Kijana aliyezoea kuulizwa hivyo darasani atakaa siku moja kwenye kikao cha ukoo baada ya msiba, na mtu atalitaja jina la bibi fulani. Akithubutu kuuliza pale ushahidi uko wapi, na wa pili akamuunga mkono, bibi huyo anaweza kuishi.