Kutoka Kichala hadi Bilauri: Ziara ya Siku Moja katika Mashamba ya Zabibu ya Dodoma na Funzo Lake kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Nilipofunga safari kwenda Dodoma kumtembelea sahibu yangu asomaye huko, sikuwa na nia ya kutafuta maneno. Sahibu huyo alitualika katika ziara ya siku moja ya mashamba ya zabibu na kiwanda cha divai. Tulikuwa watu sita: wanafunzi wanne wa Kiswahili na wageni wawili kutoka Ujerumani. Nilirejea Nairobi na neno moja ambalo nimekuwa nikilitamka tangu utotoni bila kulijua. Neno lenyewe ni mchuzi.

Makala haya yanakusudia mambo matatu. Kwanza, yanaeleza kwa nini mzabibu, mmea tuliozoea kuuhusisha na nchi za baridi, unastawi katikati ya Tanzania. Pili, yanafafanua jinsi ziara ya kundi dogo inavyoendeshwa na faida yake. Tatu, yanaonyesha kwamba msamiati wa mkulima ni hazina ambayo sisi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili hatujaishughulikia ipasavyo.

Mzabibu katika Nchi ya Wagogo

Dodoma iko takriban digrii 6 kusini mwa Ikweta, katika uwanda wa juu unaozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua zake ni za msimu mmoja, aghalabu kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi iliyosalia ni ya ukame. Wagogo, wenyeji wa nchi hiyo, tangu zamani wamekuwa wafugaji na wakulima wa mazao yanayostahimili kiu, mathalani uwele na mtama. Mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki katika karne ya 20, na misheni ya Bihawana ingali inatajwa kila historia ya zao hili inaposimuliwa. Haja ya kwanza ilikuwa divai ya misa. Baadaye zao liliingia katika mashamba ya wanavijiji, likaenea Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na kwingineko.

Msomaji huenda akauliza: mzabibu wawezaje kuzaa mahali pasipo na majira ya baridi? Huko Ulaya baridi huulaza mmea, nao huamka majira ya joto yanapowadia, kwa hivyo mavuno huwa mamoja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Kinachouamsha ni kisu cha mkulima. Mkulima anapopogoa, yaani anapokata matawi ya zamani na kuacha macho machache, mmea huchipuka upya, hutoa maua, na baada ya takriban miezi minne vichala huwa tayari. Kwa njia hiyo mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya wakati wa mvua husumbuliwa na magonjwa ya ukungu, hususan ubwiri, na maji mengi hupunguza utamu wa zabibu. Mavuno ya wakati wa kiangazi, maadamu maji ya kumwagilia yapo, huwa na sukari zaidi.

Mpangilio wa Ziara

Tangu mwaka 2024, treni ya umeme inaunganisha Dar es Salaam na Dodoma, na safari iliyokuwa ikichosha siku nzima kwa basi imekuwa ya saa chache. Hapana shaka kwamba wageni wataongezeka. Ndiyo maana inafaa tujiulize mapema ziara ya namna gani itawafaa wageni na wenyeji pia.

Ziara ya kundi dogo ni ile isiyozidi watu wanane au kumi, wanaotosha katika gari moja. Udogo huu una sababu. Shamba la mkulima wa kawaida ni la ekari chache. Basi zima la wageni litakanyaga mistari na kuvunja matawi. Isitoshe, mkulima hawezi kuzungumza na watu 50. Hao atawahutubia tu. Watu sita huweza kuuliza na kujibiwa, nao huweza kuulizwa.

Siku yetu ilianza saa mbili asubuhi tulipoondoka mjini kuelekea Hombolo, kaskazini-mashariki mwa jiji. Asubuhi ilikuwa ya shamba, mchana wa chakula kwa mwenyeji, na alasiri ya kiwanda. Utaratibu huu si wa kubahatisha. Anayeanzia kiwandani hukutana na zabibu ikiwa tayari ndani ya chupa, na shamba linapokuja baadaye huwa pambo la kupigia picha. Anayeanzia shambani huingia kiwandani akiwa na maswali.

Shambani

Mwenyeji wetu alikuwa mama wa makamo. Tulimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia, "Marahaba, wanangu, karibuni," kisha akatufundisha kusema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo. Alituongoza kati ya mistari ya mizabibu iliyotambaa juu ya nyaya zilizofungwa kwenye nguzo. Alituonyesha pingili zinazokatwa ili ziwe vipandikizi, na jicho ambalo kisu hakipaswi kuligusa. Zabibu zake nyingi zilikuwa za aina ya Makutupora nyekundu, iliyochukua jina la eneo kiliko kituo cha utafiti wa zao hilo.

Nilijitolea kuwa mkalimani wa wale Wajerumani. Mambo yalikwenda vyema hadi mama aliposema kwamba mwaka huo hakuwa na haraka ya kuuza, kwa sababu alikuwa na mchuzi wake ndani. Bila kusita niliwafasiria wageni kwamba mama ana supu nyumbani. Mmoja wao, kwa adabu, akauliza ni ya nyama gani. Mama aliposikia swali hilo alicheka hadi akashika nguzo.

Mwongozaji wetu, kijana mzaliwa wa hapo, ndiye aliyeniokoa. Alieleza kwamba Dodoma mchuzi wa zabibu ni yale majimaji yaliyokamuliwa na kuhifadhiwa katika matangi, ambayo hayajawa divai iliyokamilika ya kutiwa chupani. Kwetu mchuzi hutoka chunguni, kwao hutoka pia katika kichala. Nilitahayari. Mimi niliyekuwa nikiandika tasnifu juu ya fasihi ya Kiswahili nilikuwa nimepotoshwa na neno ambalo mtoto wa Hombolo analijua.

Mchuzi Unaongoja

Laiti kosa langu lingekuwa la kuchekesha tu, nisingeliandikia makala. Nilipoomba radhi, mama alinieleza jambo ambalo nilikuwa karibu kulifukia kwa tafsiri yangu. "Zabibu haingoji, mwanangu," alisema. "Mchuzi unangoja."

Ufafanuzi wake ni huu. Zabibu iliyoiva ikishakatwa huanza kuharibika katika siku chache. Mnunuzi hufika na kipimo chake cha sukari, hutaja bei, na mkulima hana budi kukubali, kwani kesho yake mzigo utakuwa umepungua thamani. Kumekuwa na misimu ambapo wakulima wa Dodoma walitazama zabibu zao zikioza kwa kukosa wanunuzi. Lakini mkulima aliye na uwezo wa kukamua na kuhifadhi mchuzi katika tangi safi lililozibwa anaweza kungojea bei. Tangi lisipozibwa, hewa huingia na mchuzi hugeuka siki. Kwa hivyo tofauti kati ya zabibu na mchuzi si ya umbo tu. Ni tofauti kati ya mkulima anayepangiwa bei na mkulima anayeweza kujadiliana.

Mama alikuwa na swali pia, na swali hilo ndilo lililomfanya autaje mchuzi. Alitaka kujua kama wakulima wa huko Ujerumani wana matangi yao wenyewe. Sasa niliweza kufasiri ipasavyo, na wageni walijibu kwa furaha. Walieleza kwamba nchini mwao wakulima wengi wadogo waliungana zamani katika vyama vya ushirika ili wakamue na kuhifadhi pamoja. Walitaja ushirika wa Mayschoß, katika bonde la mto Ahr, ulioanzishwa mwaka 1868. Mama alinyamaza kidogo, kisha akarudia ule mwaka polepole kana kwamba anauhesabu. Dodoma nako kuna vyama vya ushirika vya wakulima wa zabibu, na suala la matangi ya pamoja limekuwa likizungumzwa. Mazungumzo hayo ya dakika kumi ndiyo yaliyokuwa kiini cha ziara yetu, na yangepotea kwa sababu ya neno moja.

Kiwandani

Baada ya ugali wa uwele na mlenda tulielekea kiwandani. Hapo tulielezwa jinsi zabibu zinavyotengwa na vikonyo vyake na kupondwa. Chachu hula sukari na kutoa kileo na hewa ya ukaa. Ndiyo maana tangi lenye mchuzi mpya huchemka bila moto. Kwa makadirio, kila gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kileo, hivyo mchuzi wenye gramu 200 kwa lita hutoa divai ya takriban asilimia 12. Sasa tulielewa kwa nini mnunuzi huja shambani na kipimo cha sukari.

Rangi nayo ina siri yake. Zabibu nyingi nyekundu zina maji yasiyo na rangi; wekundu umo katika ganda. Divai nyekundu huachwa ichachuke pamoja na maganda, ilhali kwa divai nyeupe mchuzi hukamuliwa na kutengwa na maganda kwanza.

Kisha kukawa na kuonja. Anayeonja hutazama rangi, hunusa, hupiga funda dogo, na akipenda hutema katika chombo maalumu. Kutema huku si utovu wa adabu. Mmoja wetu ni Mwislamu, naye hakuonja kileo. Aliletewa zabibu mbichi na zilizokaushwa, na hakuna aliyemwuliza swali la kumkera. Dereva pia hakuonja. Ziara iliyoandaliwa vyema humfikiria kila mmoja.

Msamiati wa Mzabibu: Maneno Yaliyosafiri

Njiani kurudi mjini tulianza kuorodhesha maneno ya siku hiyo. Tuligundua kwamba msamiati wa mzabibu ni historia fupi ya lugha yetu. Zabibu limetokana na Kiarabu, ambamo zabib ni tunda lililokaushwa. Waswahili walilipokea likiwa kavu, wakalitumia hata kwa tunda bichi. Mvinyo na pipa yametokana na Kireno. Divai limetokana na Kifaransa. Kiriba ni la Kiarabu. Shinikizo, chombo cha kukamulia, wengi wetu tulilisikia kwanza katika Biblia, nalo leo tunalitumia zaidi tunapozungumzia damu au siasa.

Biblia ya Kiswahili inatupa mfano mwingine. Katika Injili ya Yohana, sura ya 15, kitenzi kilichotumiwa kwa kazi afanyayo mkulima juu ya tawi lizaalo ni kusafisha. Mama wa Hombolo angesema kupogoa. Wafasiri hawakukosea, kwani neno la Kigiriki lenyewe lina maana ya kutakasa. Hata hivyo, msomaji asiyewahi kuona mzabibu ukipogolewa hudhani kwamba mkulima alikuja na maji na kitambaa. Aliyesimama shambani anajua kwamba usafi huo ni wa kisu.

Mengi ya maneno hayo yaliletwa na wafanyabiashara, mabaharia na wamisionari. Mchuzi wa zabibu ni tofauti. Mkulima hakungoja kuundiwa istilahi na kamati. Alichukua neno la jikoni akalipa kazi mpya, nalo likakubalika hadi katika mijadala ya ushuru na bei. Wanaisimu huita hali hii upanuzi wa maana, na mifano yake tunaikariri kwa ajili ya mitihani. Ni mara ngapi tumekwenda kuitafuta inakotendeka?

Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi zabibu inavyolimwa na kusindikwa Dodoma, na jinsi kundi dogo linavyoweza kuitazama kazi hiyo kwa siku moja. Yameonyesha pia kwamba ziara ni mazungumzo, na mazungumzo yana pande mbili. Mwongozaji asiyejua msamiati wa mkulima humgeuza mwenyeji wake kuwa sanamu ya kutazamwa.

Kwa wenzangu wanafunzi nina pendekezo moja. Kenya nayo ina mashamba ya mizabibu huko Naivasha, na ina ya chai, kahawa, miwa na makadamia yanayopokea wageni. Likizo ijayo, kila mmoja wetu na aende katika shamba moja lililo karibu na kwao, akusanye maneno 20 ya kazi kutoka kinywani mwa wanaoifanya, ayaandike pamoja na maana na mifano. Ukurasa wa jarida hili utatosha kuyaanzishia orodha. Kwa wahadhiri wetu, naomba kazi kama hiyo ihesabiwe kuwa utafiti.

Tulipoagana, mama alitupa kila mmoja kichala na kuniambia nikirudi nije na chupa, atanitilia mchuzi. Safari hii nilijua asemacho.