Mvua ya 'wastani' ni wastani wa nani?

Ukisikia redioni ati msimu huu mvua itakuwa ya wastani, usikimbilie Gikomba kununua robota la jaketi. Uliza kwanza: wastani wa wapi?

Cheki hii. Lodwar hupata karibu milimita 200 za mvua kwa mwaka mzima. Kisumu hupitisha 1,200. Mvua ambayo mfugaji wa Turkana ataiita neema, kwa mkulima wa Nyando ni kiangazi cha kukausha mahindi. Ndiyo maana wataalamu wa hali ya hewa hawaisomi Kenya kama shamba moja. Wanaigawa.

Njia moja kongwe ni ya Wladimir Köppen, aliyeanza kuichapisha 1884. Alipima joto na mvua, kisha akapa kila eneo herufi. Mombasa iko A, kwa sababu hata mwezi wake wa baridi zaidi haushuki chini ya nyuzi 18. Lodwar iko B, kundi la ukame. Nairobi nayo, kwa kukaa juu karibu mita 1,700, iko C, kundi moja na London. Sasa unajua kwa nini Julai unalala na soksi.

Lakini herufi pekee haikuambii mvua ya mwaka huu itakujaje. Kwa hilo kuna njia nyingine: unachukua rekodi za miaka mingi za vituo vya kupima mvua, unaangalia ni vipi hupanda na kushuka pamoja. Vinavyofuatana vinawekwa ukanda mmoja, hata kama kimoja hunyeshewa zaidi ya kingine.

Utabiri wa msimu hapa kwetu pia hutolewa kwa kanda. Nairobi iko nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa. Tafuta ukanda wako, usome huo. Magharibi inaweza kunyeshewa Agosti huku wewe Umoja ukiona mawingu tu.

Na usiishie hapo. Kama una ndugu Garissa au Tana River, mwambie asome pia ukanda wa Mlima Kenya na Aberdare. Kwake jua linaweza kuwa linawaka, lakini mvua ya huko juu hushuka na Mto Tana hadi mlangoni. Mto haujui mipaka ya ramani.