Chokaa au Mbao? Kuvika Kuta za Karakana

Ukuta wa karakana hauna kazi sawa na ukuta wa sebule. Sebuleni twataka pambo. Karakanani ukuta hugongwa na mbao ndefu, hurukiwa na cheche, hubeba misumeno na nyundo, tena hutakiwa kumsaidia mwanafunzi kuona vidole vyake viko umbali gani na msumeno. Shule iliyokwisha kujenga kwa matofali ya saruji, na ambayo mfuko wake umekaribia kukauka, uvike ukuta huo kwa nini?

Wengi hukimbilia plaiwudi. Natupige hesabu. Karakana ya mita 8 kwa 6, yenye kuta za kimo cha mita 3, ina mita za mraba 84 za ukuta. Tukiondoa 14 za milango na madirisha, zasalia 70. Ubao mmoja wa plaiwudi, mita 2.44 kwa 1.22, hufunika mita za mraba 3 hivi. Basi zatakiwa mbao 24, licha ya misumari na vipande vya kuzishikilia. Gharama si haba, na matokeo yake ni kukizungushia kuni kavu chumba chenye cheche na maranda. Bodi za jasi hustahimili moto vizuri zaidi, kwa kuwa maji yaliyofungamana ndani ya jasi, kiasi cha moja ya tano ya uzito wake, hutoka kwanza yakiwa mvuke na kulichelewesha joto. Lakini huvunjika zigongwapo na hulegea zikiloa.

Yasalia chokaa, ambayo twaidharau kwa sababu tumeizoea. Watu wa mwambao waliichoma kutokana na matumbawe karne nyingi zilizopita. Katika joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, jiwe hupoteza hewa ya kaboni dayoksaidi na kubaki CaO. Ikizimwa kwa maji huwa Ca(OH)₂, nayo ikipakwa ukutani huivuta tena hewa ile ile na kurudi kuwa jiwe:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Utando huo hauungui. Hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga, ilhali saruji tupu hurudisha theluthi moja hivi. Kwa mita zetu 70, mfuko mmoja au miwili ya kilo 25 yatosha. Ukuta ulowanishwe kwanza, na mipako iwe myembamba, miwili au mitatu. Mpako mzito hubanduka. Juu ya rangi ya mafuta chokaa haishiki kamwe. Wako wanaotia chumvi ili isichafue nguo. Karakanani chumvi hiyo huzialika zana kushika kutu. Macho na ngozi zikingwe, kwani chokaa mbichi huunguza.

Plaiwudi na ipewe sehemu ndogo tu: ubao mmoja au miwili ya kutundikia zana, mbali na mahali pa kuchomelea.

Mabamba makuukuu ya asbesto yasikubaliwe, hata yakitolewa bure. Yakikatwa au kutobolewa hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho, ambazo huingia mapafuni na kuweza kuleta saratani baada ya miaka 20 au zaidi, yaani mwanafunzi wa leo atakapokuwa mzazi.

Mwalimu apendaye kuonyesha kinachotendeka ukutani achukue maji ya chokaa yaliyochujwa yakawa maangavu, avae miwani ya kinga, kisha apulize pumzi ndani yake kwa mrija, bila kuyavuta. Baada ya muda mfupi maji hugeuka meupe kama maziwa.